Mjadala: Lawama ni ya asiyeuliza, au ya anayeulizwa?

Mleta mada:

Wadau, kila ikisikika habari ya mtu aliyesaini mkataba asiouelewa au aliyemeza dawa vibaya, lawama huishia kwake: "Sasa kwa nini hakuuliza?" Hapo methali zinamwagika, kuuliza si ujinga, anayeuliza njia hapotei, na mazungumzo yanafungwa. Mimi naona lawama hiyo inapelekwa kusiko. Watu wengi hawaulizi kwa sababu walishawahi kuuliza.

Tazama kikao chochote. Mwenyekiti anasema "Kuna swali?" huku anakusanya karatasi zake na nusu ya watu wameshainuka. Huyo ameaga tu. Au mgonjwa aliyeambiwa dawa ni mara mbili kwa siku. Anataka kujua kama anywe kabla ya kula au baada, na akisahau dozi afanyeje, lakini mtoa dawa ameshamwita aliye nyuma yake. Atanyamaza, ataondoka. Akikosea, tutasema hakuuliza.

Mfano wangu mkubwa ni Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanzania. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu aliouweka kwenye jokofu ukiwa bado moto umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amejichanganya. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, alimuuliza mwalimu mwingine. Huyu alisema hiyo ni "fizikia ya Mpemba", si ile ya dunia nzima, na darasa likapata la kumtania. Kisha akaja Dk. Denis Osborne, mhadhiri kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza tena, wenzake wakacheka tena. Osborne aliahidi kulijaribu, na alilijaribu kweli. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. (Wanasayansi wanabishana hadi leo kama jambo lenyewe hutokea kila mara, ila huo ni mjadala mwingine.) Muulizaji ni yuleyule, swali ni lilelile. Aliyebadilika ni aliyeulizwa.

Kwa hiyo nadai mzigo uhamie huko. Nipingeni.

Mchangiaji wa kwanza:

Wewe hujawahi kukaa upande wa pili wa dirisha. Mimi kazi yangu ni kuhudumia watu kutwa nzima. Saa za kazi zimeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, na bado mtu atausukuma mlango huohuo aje kuniuliza tunafunga saa ngapi. Maswali mengi hayana kiu yoyote ya kujua, ni uvivu wa kusoma. Ukitaka nimpokee kila mmoja kwa upole wa Osborne, kumbuka Osborne hakuwa na foleni.

Mchangiaji wa pili:

Naunga mkono hapo, na naongeza aina moja mbaya zaidi: "Nauliza tu." Fulani alizipata wapi zile pesa? Nauliza tu. Mwenye kusema hivyo hasubiri jibu. Ameshatoa hukumu, alama ya kuuliza ameiweka mwishoni ili akibanwa ajitetee. Tusilisifu kila swali.

Mleta mada:

La mlangoni nakuachia. La "nauliza tu" ni tuhuma na litendewe kama tuhuma: mwambie mwenye nalo alete ushahidi. Lakini yote mawili ni makelele tu. Mimi nazungumzia swali ambalo lisipojibiwa mtu anaumia.

Mchangiaji wa tatu:

Basi tuzungumzie ajali ya ndege ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, maana pale ninyi nyote mnapata shida. Tarehe 27 Machi 1977, ukungu mzito, Boeing 747 mbili, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, ziko kwenye njia moja ya kurukia. Rubani mkuu wa KLM ameshaanza kuikimbiza ndege yake. Mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma yake, anasikia kwenye redio kwamba Pan Am watatoa taarifa wakishatoka njiani. Anauliza: kwani hawajatoka? Rubani anajibu kwa mkazo kwamba wametoka. Mhandisi hasemi tena. Ndege ziligongana, wakafa watu 583.

Swali liliulizwa, kwa wakati, na mtu aliyekuwa sahihi. Aliyeulizwa alikuwa mkufunzi wa marubani wenzake, mtu mwenye heshima kubwa katika shirika lake, na kwa jibu moja fupi alilizima. Hadi hapo mleta mada anaweza kushangilia. Lakini mafunzo yaliyoenea katika mashirika ya ndege miaka iliyofuata hayakuishia kumfundisha rubani kusikiliza. Yalimfundisha pia mdogo wake kutoishia kuuliza. Ukiona hatari, itaje. Usipojibiwa, rudia kwa sauti. "Kwani hawajatoka?" ni adabu. "Simama, Pan Am bado wako njiani" ndilo jambo lenyewe. Mara nyingine tunauliza kwa sababu tunaogopa kusema tunachokijua tayari, na uoga huo hauponi kwa kumlaumu mkubwa peke yake.

Mleta mada:

Hoja nzito, ila umeruka gharama. Anayerudia mbele ya mkubwa wake anahatarisha kazi yake, na kumhimiza tu hakumlindi. Mtazame Frances Kelsey, mkaguzi wa maombi ya dawa mpya katika mamlaka ya dawa ya Marekani. Septemba 1960 alipokea ombi la kampuni iliyotaka kuuza thalidomide, dawa ya usingizi, nchini Marekani. Aliona ushahidi wa usalama haujitoshelezi, akauliza. Alipojibiwa nusunusu akauliza tena, na kampuni ikalalamika kwa wakubwa zake. Mwishoni mwa 1961 dawa hiyo iliondolewa sokoni Ujerumani Magharibi. Watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na ulemavu kwa sababu mama zao waliimeza wakiwa wajawazito. Kelsey alikuwa jasiri, sawa. Lakini utaratibu ulikuwa upande wake: kila alipotangaza kwamba ombi halijakamilika, hesabu ya siku 60 za kulikagua ilianza upya, na kabla hazijaisha dawa haiuzwi. Swali lake lilikuwa na breki. La mhandisi wa Tenerife halikuwa nayo, wala la yule mgonjwa kwenye foleni.

Mchangiaji wa kwanza:

Kelsey alikuwa daktari na mtaalamu wa dawa, alijua pa kugusa. Mteja wangu hajui kwamba kinachomhusu kimefichwa ukurasa wa nne. Mpe hiyo breki, atauliza tunafunga saa ngapi. Siku hizi swali namuulizia mwenyewe: "Wengi hiki kifungu cha faini kinawapita, nikueleze?" Dakika mbili tatu hivi. Wanaorudi wakigomba wamepungua, hilo nakiri. Ila hakuna anayezihesabu hizo dakika isipokuwa mkuu wangu wa kazi, na swali lake kwangu ni moja tu: kwa nini foleni yako haisogei? Huyo naye mnasemaje?