Sarafu za kaisari mmoja tu, Probus: nianzie wapi?

senti_ya_shimo
Wadau habari zenu. Tangu utotoni nimekuwa nikiweka zile senti za shimo za nyanyangu kwa mkebe wa Blue Band, sasa juzi jamaa wa kazini ametoka Uingereza akaniletea sarafu moja ya Warumi, saizi ya kumi bob hivi, kuna mtu amevaa taji la miale, nikamulika na tochi ya simu nikasoma PROBVS. Nimenasa kabisa. Nataka zake pekee, sina pesa ya makaisari wote. Zinapatikana ama nitangoja hadi nizeeke? Halafu ina udongo, nafikiria kuisugua na ndimu na majivu.

mizani_ya_river_road
WEKA NDIMU CHINI!! Hizo ni shaba na fedha kidogo, ile XXI ya chini upande wa nyuma wengi husoma 20 za shaba kwa 1 ya fedha, kisha juu zilipakwa fedha nyembamba kama ganda la kitunguu na hilo ganda likibaki ndilo watu wanalilipia. Yangu ya kwanza niliisugua na dawa ya meno ikang'aa kama kifuniko cha soda, sai watoto wanachezea ludo. Loweka kwa maji ya betri, yale ya kuongeza si ile asidi tafadhali, badilisha kila siku mbili tatu, halafu toothpick na subira. Ukiona unga wa kijani unaodondoka itenge na zingine, hiyo ni kutu mbaya.

shosho_wa_south_b
Kupatikana zinapatikana mwanangu. Alitawala 276 hadi 282 tu, askari wake wenyewe wakamuua, inasemekana alikuwa akiwachimbisha mitaro ya kukausha kinamasi wakachoka naye, lakini kwa hiyo miaka sita alipigisha sarafu kama hana akili nzuri. Ndio maana usikimbilie kila kitu, chagua mji mmoja zilikopigiwa. Mimi niko na Ticinum, siku hizi ni Pavia, Italia. Kuna toleo ambalo kila karakana ilipewa herufi yake, ukipanga sita zinasoma EQVITI. Nina tano, imebaki V, mwaka wa tatu huu naitafuta. Nyingine ilikaa forodhani wiki tano wakiniuliza kama ni dhahabu!

mizani_ya_river_road
Na nunua mizani ya sonara ya pointi mbili. Nyingi zinacheza kati ya gramu 3 na 4 na kitu, ikiwa na gramu 2 ama ukingoni kuna mstari wa kuungana, hiyo imemiminwa kwa kalibu, achana nayo. Kutambua maandishi tumia OCRE, ile orodha ya sarafu za Warumi mtandaoni, ni bure.

senti_ya_shimo
Asanteni sana, ndimu nimerudisha jikoni. Shosho nimemulika tena, chini ni TXXI na pembeni kuna V. Ndio hiyo?

shosho_wa_south_b
Usimwonyeshe mtu mwingine. Uko mtaa gani?