Naomba ushauri: kunywa na kula vipi katika joto la Maskati
Ndugu zangu, assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa viyoyozi hapa Maskati, na kazi zetu huzidi msimu huu wa joto, ambapo nyuzi 40 ni jambo la kawaida. Sheria ya Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 mchana, Juni hadi Agosti, lakini hata asubuhi juu ya mapaa si mchezo. Ninakunywa maji mengi na soda nimeacha, ila jioni misuli ya miguu hukaza na kichwa huuma. Je, maji ya ndimu yenye chumvi kidogo yanamfaa mtu mwenye shinikizo la damu? Na chakula kizito nikile alfajiri au usiku?