Mrejesho: ile sauti ya Kijapani kwenye gari imenyamaza

Wakuu, niliuliza kuhusu gari langu, Toyota IST iliyotoka Japani: kila nikiwasha, mwanamke anaongea Kijapani, nami nikahofia ni hitilafu. Mlioniambia ni kifaa cha ETC, cha kulipia barabara za huko kwao, mlikuwa sahihi. Anasema kadi haijaingizwa.

Jumamosi nilikwenda kwa fundi umeme wa magari, Majengo. Kiboksi kilikuwa chini ya usukani, waya mwembamba ukipanda hadi antena ndogo iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Nilitaka akate waya tu. Akakataa, na namshukuru sana: kifaa kinapata umeme ufunguo ukifika ACC (hatua ya kuwasha redio kabla ya injini), na waya uliokatwa ukiachwa wazi unaweza kugusa bodi ya gari na kuunguza fyuzi. Alichomoa soketi nyuma ya kiboksi, akaifunga kwa tepu, akabandua antena taratibu kwa uzi wa kuvulia. Gundi tukaifuta kwa spiriti.

Hapa Dodoma hakuna geti la kulipia barabara la kuwasiliana na kifaa hicho, ila nimekihifadhi. Leo nimewasha kwenda Kibaigwa, kimya kabisa. Asanteni, hasa dada aliyenitumia picha ya kiboksi chake.