Shule 11 za jirani: tugawe madaraja kwa idadi ya wanafunzi au kwa uwezo wa timu?

Mwalimu wa Urambo

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninafundisha na kusimamia michezo katika shule moja ya sekondari wilayani Urambo, na wenzangu wamenikabidhi kazi ya kuandaa kanuni za mashindano ya mpira wa miguu ya shule 11 za jirani, nje ya ratiba ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari Tanzania. Shida yetu ni ya siku nyingi: shule mbili kubwa za bweni ndizo zinazokutana fainali karibu kila mara, ilhali shule za kata hutolewa katika mchezo wa kwanza na kurudi nyumbani zikiwa zimecheza dakika 80 tu. Nimesoma kwamba Marekani, katika mpira wao ule wa kubeba mikononi na kuvaa kofia ngumu, shule za sekondari hugawanywa katika madaraja kulingana na idadi ya wanafunzi, na kila daraja hutoa bingwa wake. Ninaomba mwenye kufahamu anieleze madaraja hayo hupangwaje, na pia ratiba ya mtoano huchorwaje pale ambapo idadi ya timu si 8 wala 16.

Msomaji wa Ujiji

Salaam, Mwalimu. Kwanza ifahamike kwamba Marekani hakuna mtoano wa shule wa kumpata bingwa wa taifa katika mchezo huo. Kila jimbo lina chama chake cha michezo ya shule chenye kanuni zake, kwa hiyo aliyesoma habari za Texas asidhani kwamba amezijua za Ohio.

Texas, chama kiitwacho UIL huzipanga upya shule kila baada ya miaka miwili katika madaraja sita, kuanzia 1A, ambako shule ni ndogo kiasi kwamba timu huingia uwanjani na wachezaji sita badala ya 11, hadi 6A la shule kubwa kabisa. Ndani ya daraja, shule zilizo karibu huwekwa katika kundi moja ili kupunguza safari. Daraja la 6A lina makundi 32, kila kundi hufuzisha timu nne, na kati ya hizo nne, mbili zenye wanafunzi wengi zaidi huingia katika mtoano mmoja na mbili zilizobaki katika mtoano mwingine. Hupatikana mitoano miwili yenye timu 64 kila mmoja, na anayetaka ubingwa hana budi kushinda michezo sita mfululizo. Kwa kuwa ule ni mchezo wa kugongana miili, timu hucheza mara moja tu kwa wiki, na hatua ya mtoano peke yake hula mwezi mmoja na nusu. Hilo sisi hatuliwezi, wala hatulihitaji.

Ohio ina madaraja saba, na kinachonivutia huko ni namna ya kupanga nafasi. Timu hupata pointi kwa kushinda, kisha huongezewa pointi kwa michezo ambayo wapinzani iliowafunga wamewashinda wengine. Kwa hiyo timu inayokusanya ushindi dhidi ya wanyonge haiendi mbali katika orodha.

Illinois, kwa miaka mingi, ilianzia upande wa pili: kwanza zilipatikana timu 256 zilizofuzu, ndipo zilipopangwa kwa idadi ya wanafunzi na kukatwa katika madaraja manane ya timu 32. Shule zinazoruhusiwa kupokea wanafunzi kutoka popote, nyingi zikiwa za binafsi, huzidishiwa idadi yao kwa 1.65, hivyo shule yenye wanafunzi 400 huhesabiwa kuwa na 660. Ninadhani kanuni hiyo inagusa moja kwa moja suala la shule zenu za bweni.

Mama wa Michezo, Kasulu

Nimemsoma kaka wa Ujiji kwa makini, ila nina wasiwasi na kipimo chenyewe. Idadi ya wanafunzi ingetosha kama shule zote zingechota katika kisima kimoja. Kwetu, shule yenye kidato cha tano na cha sita hupangiwa vijana kutoka mikoa mbalimbali, wakubwa kwa umri na kwa mwili, wanaolala shuleni na kufanya mazoezi kila jioni. Shule ya kutwa yenye wanafunzi 900 inaweza kuwa na wavulana 400 tu, na baadhi yao hutembea saa nzima kurudi nyumbani, kwa hiyo mazoezi ya jioni hayawezekani. Kwenye karatasi shule hiyo ni kubwa, lakini uwanjani itafungwa na shule ya wavulana watupu yenye nusu ya idadi hiyo. Angalau hesabuni wavulana peke yao, na kidato cha tano na cha sita kipewe uzito wake.

Wamarekani wenyewe wameliona jambo hili. Indiana wana kanuni ya kuipandisha daraja timu inayofanya vizuri mfululizo, hata kama shule haikuongeza mwanafunzi mmoja. Katika ukanda wa kusini wa California madaraja ya mtoano hupangwa kwa uwezo wa timu uliokwisha kuonekana katika msimu, wala si kwa ukubwa wa shule.

Tusisahau pia kwamba UMISSETA ina lengo lake. Kule mashindano hupanda kutoka shuleni hadi wilaya na mkoa, na wanaokwenda taifani, kama walivyokuja hapo Tabora mwaka 2022, ni timu za mikoa na si za shule. Kijana hodari wa shule ndogo anaweza kuchaguliwa hata kama shule yake ilifungwa. Mashindano yako, Mwalimu, ni ya shule kwa shule, kwa hiyo suala la usawa linakuangukia wewe zaidi kuliko linavyowaangukia waandaaji wa UMISSETA.

Mchora Ratiba, Nzega

Nijibu swali la pili. Mtoano wa timu 11 huchorwa kana kwamba timu ni 16, na zile nafasi tano zisizo na wenyewe huwa ruhusa ya kuvuka raundi ya kwanza bila kucheza. Timu tano bora husubiri, na sita zilizobaki hucheza: ya 6 na ya 11, ya 7 na ya 10, ya 8 na ya 9. Katika robo fainali, ya 1 hukutana na mshindi wa 8 na 9, ya 2 na mshindi wa 7 na 10, ya 3 na mshindi wa 6 na 11, halafu ya 4 na ya 5. Nusu fainali, upande wa 1 hukutana na upande wa 4 na 5, ili ya 1 na ya 2 zisikutane kabla ya fainali. Michezo yote ni 10, kwa sababu kila mchezo huondoa timu moja na zinazopaswa kuondoka ni 10.

Ubaya wake ni kwamba timu zisizopungua nne zitacheza mchezo mmoja tu na kwenda zao, na hilo ndilo ulilolilalamikia. Ninapendekeza muanze na makundi matatu, ya timu 4, 4 na 3, ambayo yatakuwa na michezo 15. Mbili za juu katika kila kundi ziingie kombe la kwanza, na tano zilizobaki zigombee kombe la pili. Hapo madaraja yamejigawa uwanjani, karibu na ule utaratibu wa California alioutaja mama wa Kasulu, na hakuna mkuu wa shule atakayebishania takwimu za uandikishaji.

Mwalimu wa Urambo

Ninashukuru sana, na pendekezo la makundi limenikaa. Ila kombe la kwanza litakuwa na timu sita, maana yake mbili zitavuka moja kwa moja hadi nusu fainali. Nitawalinganishaje vinara watatu wa makundi ikiwa mmoja amecheza michezo miwili na wenzake mitatu?

Mchora Ratiba, Nzega

Katika makundi ya timu nne, futa matokeo ya kinara dhidi ya timu iliyoshika mkia, ili wote wabaki na michezo miwili. CAF, shirikisho la soka la Afrika, walifanya hivyo katika kufuzu Kombe la Dunia la 2026: Eritrea ilijitoa katika kundi letu, lile la Tanzania na Morocco, na ilipofika kulinganisha timu za nafasi ya pili, michezo dhidi ya timu za mwisho katika makundi mengine haikuhesabiwa. Pointi zikilingana, tazama tofauti ya mabao katika michezo hiyo miwili, na ikishindikana pigeni kura ya bahati mbele ya walimu wote. Kanuni hii iandikwe na kusainiwa na shule zote 11 kabla ya mchezo wa kwanza, kwa sababu ikitangazwa baada ya makundi kumalizika, kinara atakayeikosa nafasi ataamini kwamba imetungwa dhidi yake.