Mafundisho ya watu wazima wakati wa Kwaresima: tufanyeje ili wadumu hadi Pasaka?

Mratibu wa Mafundisho aliuliza:

Tumsifu Yesu Kristo.

Paroko wetu amenikabidhi kwa mara ya tatu jukumu la kuratibu mafundisho ya watu wazima katika kipindi cha Kwaresima, nami ninaleta swali langu hapa kwa sababu ninaamini kwamba wapo miongoni mwenu makatekista, mapadre na walei waliolibeba jukumu hili kwa miaka mingi kuliko mimi.

Mwaka uliopita tulianza siku moja baada ya Jumatano ya Majivu. Watu 34 walijiandikisha, na jioni ile ya kwanza ilitubidi kuongeza viti. Nilikuwa nimeandaa masomo sita yaliyofuata mpangilio wa Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kila somo likiwa na karatasi ya maswali ya kujibu nyumbani. Kufikia wiki ya tatu walikuwa wamebaki 18, na jioni ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi tulikuwa 9, mimi nikiwamo. Wale walioacha mafundisho hawakuacha Misa. Ninawaona kila Dominika, wananisalimu kwa upole, kisha wanaharakisha kuondoka kana kwamba wana deni kwangu. Hilo linaniuma kuliko viti vitupu, kwa kuwa wengi wao ni wazazi ambao mara ya mwisho kufundishwa imani ilikuwa walipojiandaa kupokea Kipaimara, na sasa watoto wao wanawauliza maswali wasiyoweza kuyajibu.

Sasa Kwaresima nyingine inakaribia. Ninajiuliza kama niendelee na Katekisimu au niyaache yote nifuate masomo ya Misa ya kila Dominika. Ninajiuliza pia kama ni sahihi kuwaketisha pamoja waamini waliobatizwa zamani na wakatekumeni watakaobatizwa katika Mkesha wa Pasaka, maana wapo wanaosema kwamba Mkristo wa miaka mingi hujisikia ameshushwa darasa. Halafu ipo shida ya siku: Ijumaa ni ya Njia ya Msalaba, na jioni nyingine za juma zina vikundi vyake. Ninaomba mwongozo wenu.

---

Katekista wa Siku Nyingi alijibu:

Milele na milele, amina. Ndugu mratibu, pole kwa uchungu huo, nami ninaufahamu kwa sababu niliupitia kabla nywele zangu hazijawa nyeupe.

Nianze na jambo ambalo mimi nilichelewa kulitambua. Nilikuwa nikipanga masomo ya Kwaresima kuanzia mwanzo, yaani ninajiuliza wiki ya kwanza nifundishe nini, kisha ya pili, hadi wiki ziishe. Siku hizi ninaanzia mwisho. Katika Mkesha wa Pasaka kila mbatizwa husimama akiwa na mshumaa unaowaka, akaulizwa kama anamkataa shetani, na kama anamsadiki Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Watu wazima wengi huyajibu maswali hayo wakiwa wameyazoea kiasi kwamba hawayasikii tena. Ninajiuliza basi: mtu huyu anahitaji kupita wapi kwa majuma sita ili usiku ule ajibu akijua anachokijibu? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, namba 109, unafundisha kwamba Kwaresima ina sura mbili, kukumbuka Ubatizo au kujiandaa kuupokea, na toba. Nasi mara nyingi tumeishika toba peke yake.

Kwa hiyo mimi hufuata Injili za Mwaka A, yaani mwaka wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, hata katika miaka ambayo Dominika ina Injili nyingine, kwa kuwa zimewekwa tangu zamani kwa ajili ya Ubatizo: majaribu ya Yesu jangwani, Yesu kugeuka sura mlimani, mwanamke Msamaria kisimani, mtu aliyezaliwa kipofu, na Lazaro kufufuliwa. Ni Injili tano kwa Dominika tano, na hakuna mtu mzima asiyejikuta katika mojawapo.

Jioni yenyewe huiendesha hivi. Injili inasomwa mara mbili na wasomaji wawili tofauti, bila haraka. Baada ya hapo tunakaa kimya kwa dakika kama tano, na ninawasihi makatekista wenzangu wasiukatize ukimya huo hata ukiwalemea. Kisha ninauliza swali moja tu, ambalo jibu lake halimo katika karatasi yangu. Kwa habari ya Msamaria, nimekuwa nikiuliza kwa nini aliuacha mtungi wake, kama tunavyosoma katika Yohane 4:28. Alikuja kuteka maji, na maji ndiyo yaliyomtoa nyumbani katika saa ya jua kali. Iweje aondoke bila mtungi? Nimesikia majibu ambayo nisingeyapata katika kitabu chochote. Mwanamume mmoja aliyekuwa hajazungumza kwa majuma mawili alisema kwamba huenda aliuacha kwa sababu alijua atarudi. Mwingine akasema mtungi ule ulikuwa mzito, na alichokuwa akikitafuta kwa wanaume watano alikuwa ameshakipata pale. Baada ya hapo ndipo ninapofundisha juu ya maji ya Ubatizo, na mafundisho hayo huingia kwa sababu ardhi imeshalainika.

---

Mama wa Watoto Watatu alijibu:

Ninawaamkia nyote kwa heshima. Mimi si mwalimu, bali ni mmoja wa wale wanaotoweka, kwa hiyo naomba niseme kwa upande wetu.

Miaka michache iliyopita nilijiandikisha katika mafundisho kama hayo, nikahudhuria mara mbili. Mara ya pili kiongozi alitugawia Biblia na kutuomba kila mmoja asome aya moja kwa zamu, tukizunguka duara. Mimi husoma polepole, na nilipoona zamu inanikaribia nilianza kutetemeka. Kabla ya hapo tulikuwa tumeagizwa kufungua kitabu cha nabii Yoeli, nami sikujua kama kiko mwanzo au mwisho, nikawa ninageuza kurasa huku jirani yangu akinitazama. Hakuna aliyenidharau, lazima niseme hivyo kwa haki. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikiwa nimeazimia kutorudi tena, na nilipomwona kiongozi yule kanisani siku ya Dominika niliona aibu kumwambia sababu. Ndugu mratibu, inawezekana hao wanaoharakisha kuondoka hawakukimbii wewe.

Hizo karatasi za maswali ya kujibu nyumbani nazo zinaweza kuwa kizuizi. Mtu anayetoka kazini amechoka, akafika nyumbani akashindwa kuijaza karatasi, wiki inayofuata atafikiri kwamba akija mikono mitupu ataulizwa. Basi anabaki nyumbani, na akikosa mara moja anaona ameachwa nyuma.

Kilichonirudisha mimi ni jirani yangu, mama mmoja mzee, aliyenipitia nyumbani mwaka uliofuata na kusema tu, "Twende, wewe utakaa karibu nami." Hakuniambia kuna somo gani. Kiongozi mpya alikuwa na desturi ya kuomba wasomaji wawili mapema, na sisi wengine tulisikiliza tukiwa tumefumba macho. Nilifika hadi mwisho. Usiku wa Pasaka, mshumaa wangu ulipowashwa kutoka kwa mshumaa wa mtu aliyekuwa mbele yangu, nililia, na sikuona haya.

---

Mjumbe wa Halmashauri alijibu:

Nimeyasoma maneno ya Mzee Katekista na ya mama yetu kwa shukrani kubwa, ila nina hofu moja ambayo sipendi kuinyamazia. Tukisema kwamba watu hawadumu kwa sababu tunawafundisha Katekisimu, tutafika mahali ambapo jioni za Kwaresima ni za kusimuliana tu jinsi kila mmoja alivyoguswa, na mzazi atarudi nyumbani akiwa na faraja lakini bila jibu la swali la mtoto wake.

Watu wazima wana maswali mahususi, na heshima kwao ni kuwajibu kwa usahihi. Katika parokia yetu mzee wa miaka 63 aliishi kwa hofu kwamba anatenda dhambi kwa sababu dawa zake hazimruhusu kufunga siku ya Jumatano ya Majivu. Hakuna kushirikishana kunakoweza kumwondolea hofu hiyo, ila kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa inaiondoa, kwa kuwa wajibu wa kufunga huanza mtu anapotimiza miaka 18 na kukoma anapoingia mwaka wake wa 60, na wajibu wa kujinyima nyama huanza anapotimiza miaka 14. Alipoelezwa hivyo, uso wake ulibadilika.

Isitoshe, kufundisha mafundisho ya imani katika Kwaresima ni jambo la kale. Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu, katika karne ya nne, alitoa katekesi 18 kwa wale waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, na sehemu kubwa ya katekesi hizo inaifafanua Kanuni ya Imani kifungu kwa kifungu. Watu wake walikuwa wafanyabiashara, watumishi na mama wa nyumbani kama walivyo wetu. Sioni kwa nini sisi tuwafikirie wetu kuwa hawawezi.

---

Padre wa Parokia alijibu:

Wapendwa, nimefurahi kuwasoma, na sidhani kwamba Mzee Katekista na mjumbe wetu wanapingana kama inavyoonekana.

Katika karne hiyohiyo ya nne, mwanamke mmoja aitwaye Egeria alihiji Yerusalemu na kuandika aliyoyaona. Anasimulia kwamba katika Kwaresima askofu alikaa na wale watakaobatizwa kwa muda wa saa tatu kila siku, akayapitia Maandiko yote kuanzia kitabu cha Mwanzo, akifafanua kwanza maana ya wazi ya maneno na kisha maana yake ya kiroho. Walipokwisha kuyapitia kwa majuma matano, ndipo walipokabidhiwa Kanuni ya Imani. Utaratibu huo una hekima: Maandiko yanatangulia, na Kanuni ya Imani inakuja kama muhtasari wa yale ambayo moyo umekwisha kuyasikia. Tunaloliona kuwa gumu katika Katekisimu mara nyingi ni jibu lililofika kabla ya swali.

Egeria anaongeza jambo linalogusa swali la pili la mratibu. Waamini waliokwisha kubatizwa, kama walitaka, waliingia na kusikiliza pamoja na wale wateule, yaani waliokuwa wakijiandaa kubatizwa. Hawakushushwa darasa. Mimi ninashauri kwa moyo wote muwaketishe pamoja, hasa tangu Dominika ya Tatu ya Kwaresima, wakati ibada za kuwachunguza na kuwatakasa wateule zinapoanza. Katika juma hilo la tatu wateule hukabidhiwa Kanuni ya Imani, na katika juma la tano hukabidhiwa Sala ya Bwana. Mwombe mmoja wa wabatizwa wa zamani aeleze kwa maneno yake mwenyewe kifungu kimoja cha Kanuni ya Imani anachokishikilia wakati wa shida. Nimeona watu wa miaka 60 wakitetemeka kwa uzito wa jambo hilo, na mteule kijana akiwatazama kama mtu anayeona kwa mara ya kwanza kile anachokiingia.

Kuhusu siku sitasema mengi. Iacheni Ijumaa kwa Njia ya Msalaba, chagueni jioni moja msiyoibadilisha, na mkiahidi saa moja na nusu mfunge kwa saa moja na nusu. Ila naomba paroko wako awepo kwa maungamo baada ya kipindi, angalau katika majuma mawili ya mwisho. Mtu aliyetafakari juu ya kipofu aliyefumbuliwa macho halafu akakuta padre ameketi kwenye kitubio palepale, hahitaji kushawishiwa.

---

Mratibu wa Mafundisho alijibu:

Ninawashukuru sana. Padre, Mzee Katekista, mjumbe, na zaidi wewe mama yetu, maneno yako nimeyasoma mara nne. Mwaka jana mimi pia niliwazungusha watu katika duara wasome kwa zamu, nikidhani ninawashirikisha.

Jana jioni nilikutana na paroko, tukakubaliana kufuata zile Injili tano, wateule na waamini wakiwa pamoja. Karatasi za nyumbani nimeziondoa. Robo saa ya mwisho ya kila jioni tumeitenga kwa maswali, ambayo mtu anaweza kuyaandika bila jina na kuyatia katika kisanduku, nayo yatajibiwa kwa kufuata Katekisimu na sheria za Kanisa, ili hofu ya ndugu yetu mjumbe isipuuzwe. Yale yatakayobaki tutayapeleka katika siku 50 za Pasaka, maana hakuna aliyesema kwamba mafundisho ni lazima yafe siku ya Matawi.

Wale 26 walioacha sitawaandikia tangazo. Nimewaomba wale 8 waliobaki pamoja nami hadi mwisho, kila mmoja ampitie jirani yake mmoja au wawili nyumbani na kumwambia atakaa karibu naye. Watatu wameshaenda.

Nina swali moja dogo kwa Mzee Katekista: katika Injili ya Lazaro, ambayo ni ndefu kuliko zote, huwa unaisoma yote mara mbili, au unaigawa?

---

Katekista wa Siku Nyingi alijibu:

Ninaisoma yote mara moja. Mara ya pili ninaanzia pale Martha anapotoka kumlaki Yesu, na ninaishia pale Yesu anapolia. Swali langu jioni hiyo huwa ni kwa nini alilia, hali alijua kwamba baada ya muda mfupi angemwita Lazaro atoke kaburini. Ukiuliza hivyo, usiongeze neno. Katika kila kundi yupo mtu aliyezika, na yeye ndiye atakayeanza.