Binokula, darubini ya dukani au ya kujitengenezea: nianze na ipi?

Kijana_wa_Kondoa: Wakuu, habari za usiku. Huku kwetu umeme ukikatika, Njia Nyeupe inakatiza anga nzima. Nimejiwekea akiba na nina mawazo matatu: binokula ya 10x50 (hukuza mara 10, lenzi za mbele milimita 50), darubini ya lenzi ya milimita 70 iliyoandikwa "hukuza mara 525", au nijitengenezee. Mlioanza kitambo mnanishauri nini?

BintiMwambao: Hiyo ya 525 achana nayo, mdogo wangu. Kikomo chenye maana ni kama mara mbili ya kipenyo kwa milimita, kwa hiyo ya 70 inaishia 140 hivi, tena hewa ikiwa imetulia. Nilinunua ya namna hiyo, na kilichoniumiza zaidi ni stendi. Ukigusa tu skrubu ya kulengea, sayari ya Mshtarii (Jupita) inatetemeka. Ikitulia, imeshatoka nje ya duara kwa sababu dunia haisimami. Mwanangu alisubiri zamu yake mpaka akalala mkekani.

Nahodha_Mstaafu: Anza na binokula, kijana. Kilimia, ambacho kwa macho nahesabu nyota sita, humo zinakuwa makumi. Lala chali au egemeza viwiko ukutani, utaiona miezi minne ya Mshtarii, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Ichore leo, ichore na kesho: utakuta imehama. Ila pete za sayari ya Zohali (Saturni) hutaziona, nisikudanganye. Na ukija na binokula pwani, usiifungie mkobani ikiwa na unyevu; kuvu huota ndani ya lenzi.

Seremala_wa_Nyota: Shikamooni wakubwa. Binokula sawa, lakini kama mkono wako umezoea msumeno, jenga. Kioo cha kuakisi cha milimita 150, kinachoshika nafasi ya lenzi ya mbele, kinakusanya mwanga zaidi ya mara nne ya lenzi ya 70. Mimi nilifuata mtindo wa John Dobson, mtengeneza darubini wa San Francisco: hakuna miguu mitatu, ni sanduku la plaiwudi linalozunguka juu ya kitako. Kati ya sanduku na kitako kuna vipande vitatu vya Teflon (plastiki telezi) vinavyoteleza kwenye fomika, na bomba zima unalisukuma kwa kidole kimoja.

Kioo nilinunua kilichokwisha kusuguliwa na kupakwa alumini, fokasi (umbali kutoka kiooni hadi taswira inapokaza) milimita 1200. Kusugua mwenyewe kunawezekana, ila ni kazi ya wiki nyingi. Kosa langu lilikuwa kutoboa tundu la lenzi ya jicho kabla ya kupima fokasi, taswira ikagoma kukaza, nikalazimika kusogeza kioo. Wewe kielekeze kwanza mwezini, ikamate taswira yake kwenye karatasi mpaka ikaze, ndipo upime.

Kwa lenzi ya jicho ya milimita 10 unapata mara 120, yaani 1200 gawa kwa 10. Usiku wa kwanza nilipoziona pete za Zohali nilimwamsha mama.

BintiMwambao: Na jua msilielekezee kamwe bila kichujio chake maalumu mbele ya bomba. Jicho linaungua papo hapo.

Kijana_wa_Kondoa: Asanteni sana. Binokula mwezi huu, kioo nitaagiza baada ya mavuno. Kaka Seremala, bomba pana hapa mjini sijaliona. Mwili wa pembe nne utafaa?

Seremala_wa_Nyota: Unafaa kabisa. Plaiwudi ya milimita 6 kwa mwili, 18 kwa kitako. Ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa kabla hujafunga upande wa nne, maana baadaye brashi haifiki.