Seli zangu zinakufa kwenye hadubini ya leza, shida ni leza au ni mimi?

TambiZaSeli
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi, nikaona nilimwage humu maana najua watu wa maabara hamkosekani. Niko huku Ujerumani nasoma masta, bayolojia ya seli, na kazi niliyopewa ni kupiga video mitokondria (vile viwanda vya nishati vya seli) za seli za HeLa, seli za binadamu zinazokuzwa maabara, zikiwa hai. Zina protini ya kijani ile GFP inayong'aa ikimulikwa, iko ndani ya mitokondria, naziweka kwenye hadubini ya konfokali, ile inayomulika doti moja moja kwa leza, leza ya bluu ya nanomita 488, basi. Mashine nimepangiwa masaa matatu tu kwa wiki, foleni yake kama ya bomba la mtaani wakati wa mgao.

Sasa sikilizeni. Dakika za mwanzo mambo ni safi kabisa, mitokondria zimetawanyika kama tambi kwenye sahani, zinajongea, zinakatika, zinaungana tena, raha tupu. Ikifika dakika ya kumi na kitu tambi zinaanza kuwa vidoti vidoti vya mviringo, kisha utando wa seli unatoa malengelenge kama ya mtu aliyemwagikiwa chai ya moto, nusu saa haijaisha seli imejikunyata imekuwa mpira. Nimerudia mara nne, mara nne yaleyale.

Supavaiza kaniambia punguza leza, nimepunguza picha ikawa chenga tupu kama tv isiyo na antena. Jirani yetu wa maabara ya pili ana hadubini ya fotoni mbili (fotoni ni chembe ya mwanga) ananiita kwake, anasema ile haiui seli. Ni kweli? Na swali la nyongeza kwa wajuzi, hivi hizi habari za leza kushika seli kama koleo na kuihamisha ni kweli au ni stori? Maana kama yangu inakufa kwa kuangaliwa tu, hiyo inayobebwa inaponaje?

Mzee_wa_Lenzi
Pole mdogo wangu, karibu chamani. Hao vidoti unaowaona ndo mitokondria zinakupigia kelele, zikiona mambo magumu huwa zinajikatakata hivyo hivyo, na huwa zinatangulia kabla ya utando kutoa malengelenge. Kwa hiyo usisubiri seli ife ndo ujue umeharibu, tambi zikianza tu kuwa vidoti data yako ishaharibika, unapiga picha ya mgonjwa halafu unaandika kwenye tasnifu kwamba hivi ndivyo seli inavyoishi.

Sasa fanya hesabu ndogo. Chukua miliwati moja tu ya leza, kitu ambacho kwenye kalamu ya kuonyeshea ubaoni hakikutishi, ikusanye kwa lenzi nzuri kwenye doti yenye upana wa robo tatu... hapana, theluthi ya mikromita. Ukigawa unapata kama wati milioni moja kwa sentimita mraba. Jua la saa saba mchana ni kama wati 0.1 kwa sentimita hiyo hiyo. Yaani mara milioni kumi ya jua! Kinachoiokoa seli ni kwamba ile doti haitulii, inapita kila sehemu kwa muda mfupi sana, ila wewe ukirudia kupita kila sekunde kwa nusu saa unategemea nini. Mwanga unagonga GFP na vitu vingine vya ndani ya seli, oksijeni ya pale inageuka kuwa kali, inakula mafuta ya utando na protini.

Kwa hiyo usipunguze leza peke yake halafu ukakata tamaa ukiona chenga. Fungua kidogo kile kitundu cha konfokali kinachozuia mwanga wa nje ya fokasi (pale mwanga unapokusanyika), picha itapoteza ukali kiasi lakini utakusanya mwanga zaidi. Piga picha moja kila sekunde 30 badala ya mfululizo, mitokondria hazikimbii kihivyo. Punguza idadi ya pikseli. Halafu tafadhali ile leza ya 405 usiiguse kama huna sababu, kadiri mwanga unavyokaribia zambarau ndo ukali unazidi. Chenga kidogo kwenye picha vumilia, kuna programu za kusafisha.

Bongo_Pipeti
Seli za watu zinaanikwa kwenye jua milioni kumi hata kofia hamna 😂😂 haki ya nani ningekufa na mimi

FotoniYaPili
@TambiZaSeli kaka hapo kwa jirani usihame kwanza. Mimi nimekaa kwenye mashine ya fotoni mbili miaka minne, naipenda, lakini hiyo sentensi ya "haiui seli" imewaponza wengi.

Wazo lake ni hivi, badala ya fotoni moja ya bluu kuamsha GFP unatumia mbili za infraredi zenye nusu ya nguvu kila moja, zote zifike kwa wakati mmoja. Dada mmoja Maria Göppert-Mayer aliliandika kwenye tasnifu yake iliyochapishwa mwaka 1931, leza yenyewe haijazaliwa, ikabidi dunia isubiri mpaka 1990 ndo Denk na wenzake pale Cornell wakatengeneza hadubini kwa wazo hilo. Fotoni mbili kukutana ni bahati nadra, hivyo leza inatoa mapigo mafupi ajabu, kama femtosekunde 100 kila moja (femtosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara milioni bilioni), mapigo milioni 80 kwa sekunde, zibanane ili zikutane. Na zinakutana pale kwenye fokasi tu, juu yake na chini yake hakuna kinachowaka.

Umeona raha yake iko wapi? Iko kwenye kitu kinene. Ubongo wa panya aliye hai, unazama nusu milimita na zaidi, tishu ya juu haiungui na infraredi haitawanyiki sana njiani. Lakini wewe una seli zimelala kwenye kioo, tabaka moja, mikromita chache tu, hakuna cha juu wala cha chini cha kuokoa! Faida yote imepotea na pale kwenye fokasi yenyewe fotoni mbili inaweza ikafifisha GFP haraka kuliko konfokali. Ukitaka kuhama tafuta ile yenye sahani inayozunguka, ina vitundu vingi vinavyomulika kwa pamoja na kamera badala ya doti moja, leza inagawanywa kila kitundu kinapata kidogo. Kwa viinitete vya samaki na vitu vya namna hiyo kuna ile ya karatasi ya mwanga, hiyo ni nyingine, 2004 walipoitoa Heidelberg watu walishangaa, inamulika kutokea ubavuni tabaka unaloangalia tu. Kwa seli za kwenye sahani ya kawaida itakusumbua kuipanga.

Chembe_Nyekundu
Mi nijibu la koleo maana hapo ndo kwangu, nashughulika na malaria.

Sio stori. Arthur Ashkin pale Bell Labs Marekani, 1986 alionyesha leza moja iliyokusanywa vizuri inavuta punje ndogo kuelekea kwenye fokasi na kuikamata. Mwaka uliofuata walikuwa wanakamata virusi vya tumbaku, ile sampuli ilikaa, bakteria wakaota humo wenyewe, wakawa wanaogelea wanaingia kwenye mtego. Na jibu la swali lako liko hapo hapo, leza ilikuwa ya kijani na bakteria walikuwa wanakufa mtegoni! Wakabadilisha wakaweka infraredi ya nanomita 1064, bakteria wakaishi mpaka wakazaana wakiwa wameshikiliwa. Nobeli akaipata 2018 akiwa na miaka 96, subira hiyo.

Kwa hiyo tofauti ya leza yako na ya koleo ni rangi. Bluu inanyonywa na vitu vingi ndani ya seli, 1064 karibu hakuna kinachoijali, hata maji yanainyonya kidogo tu, joto linapanda digrii moja na ushee kwa kila miliwati 100. Ila msije mkaamini ni salama kabisa, wamewahi kuwapima bakteria wakaona wanachoka nayo pia, na ukiondoa oksijeni wanadumu zaidi. Oksijeni tena, ileile ya Mzee.

Sisi kwenye malaria inatusaidia hivi. Kimelea kikishamaliza masaa yake 48 ndani ya chembe nyekundu kinapasua kinatoa watoto, merozoiti, kamtu kadogo kama mikromita moja na nusu. Kana dakika chache tu za kuingia kwenye chembe nyingine, zikipita kameisha. Sasa ukitegemea bahati kakutane na chembe mbele ya lenzi yako utakesha. Timu ya Cambridge, 2014, wakaona kwa nini tusikabebe, wakakakamata kwa koleo la leza wakakapeleka mpaka kwenye chembe wakakabandika, halafu wakavuta kwa nyuma kupima kameshika kwa nguvu gani. Nguvu za pikonyutoni hizo, yaani nyutoni moja ukiigawa mara trilioni, kitu ambacho huwezi hata kukifikiria.

Ila usishike chembe ambayo kimelea chake kimeshakomaa. Kile kimelea kinakula hemoglobini kinaacha takataka nyeusi, hemozoini, inanyonya mwanga vibaya. Mara yangu ya kwanza nilielekeza mtego juu yake, chembe ikapasuka puu, nikabaki naangalia doti nyeusi inaelea.

MamaInkubeta
Jamani mmeandika mengi mazuri lakini hakuna aliyemuuliza huyu kijana swali la kwanza. Mwanangu, umeshawahi kuweka sahani kwenye hiyo hadubini nusu saa bila kuwasha leza kabisa? Na midia yako, ule mchuzi wa kulishia seli, ina rangi gani ukimaliza?

TambiZaSeli
Shikamoo mama. Leza kuizima sijawahi. Midia ikitoka inakuwa pinki kali hivi, kama maua ya boganvilia. Nilidhani ni kawaida.

MamaInkubeta
Marahaba. Sio kawaida mwanangu. Ile rangi ya fenoli inayowekwa kwenye midia kuonyesha uchachu ikiwa nyekundu ya kawaida mambo sawa, ikiwa njano midia imechacha, ikiwa pinki ya boganvilia CO2 imekimbia midia imekuwa alkali, kinyume cha kuchacha. Hiyo midia imetengenezwa ikae kwenye CO2 ya asilimia 5. Angalia gesi inafika kwenye meza ya hadubini au unaona namba tu kwenye skrini.

Bongo_Pipeti
si aweke HEPES tu, ile dawa ya kuzuia uchachu usibadilike hata bila CO2, amalize

MamaInkubeta
Aweke kwa kujua. HEPES ikikutana na riboflavini, ile vitamini ya kwenye midia, halafu mkaipiga mwanga inatengeneza haidrojeni paroksaidi, ile ya kusafishia vidonda. Atakuwa ameziba huku ametoboa kule.

TambiZaSeli
Wakuu nimerudi, zamu yangu ilikuwa jana.

Sahani ya kwanza sikuwasha leza kabisa, nikaangalia kwa mwanga wa kawaida wa balbu mara chache tu. Dakika ya arobaini malengelenge hayo hapo. Nikaingia nyuma ya mashine na tochi ya simu, mpira wa gesi umechomoka kwenye kiungo chake, umening'inia unapulizia ukuta. Kwenye skrini inaandika 5.0 muda wote! Sijui umekaa hivyo tangu lini na sitaki kujua thesisi za nani zimepita hapo. Teknishani kaurudisha kwa dakika mbili, sahani ya pili seli zikaenda masaa mawili hazina lengelenge hata moja.

Ila Mzee nawe hukukosea. Mwisho wa yale masaa mawili nilisogeza meza pembeni kama milimita mbili hivi, kwenye seli ambazo leza haikuzigusa, nikapiga picha moja moja. Tambi ndefu safi. Nikarudi pale nilipokuwa napiga video, nusu ya tambi ni vidoti. Sahani moja, midia moja, gesi moja.

Mzee_wa_Lenzi
Hapo sasa. Ulikuwa unapiga kila sekunde ngapi?

TambiZaSeli
...tano

Mzee_wa_Lenzi
Nilisema 30.

TambiZaSeli
Nilinogewa mzee wangu, zilikuwa zinapendeza. Zamu ijayo ni Jumanne, naweka 30, na nitapiga na zile za pembeni kila mara ili nilinganishe. Jirani wa fotoni mbili nimemshukuru nikamwambia seli zangu ni nyembamba. Kaniuliza kama mpira wa gesi wa mashine yake umekaa sawa, tukaenda kuangalia.